Dakika tano Ukumbi wa Msekwa: siku moja ya kutoa maoni ya muswada

Saa kumi na moja alfajiri

Nimeamka kabla simu haijalia. Muswada uko mezani, na ibara moja nimeizungushia kalamu mara nyingi mpaka karatasi imeanza kutoboka. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na siku nyingi haina ukumbi wala kipaza sauti. Ni kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi na mama wa kijana aliyekamatwa, kumweleza dhamana ni nini, kumwandikia barua. Leo niko Dodoma. Kamati ya Bunge inapokea maoni ya wadau kuhusu muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali unaogusa polisi, zimamoto na mwenendo wa mashauri ya jinai.

Nimepewa dakika tano. Nimeamua kuzitumia zote kwa neno moja: "anaweza".

Saa moja asubuhi

Nasoma tena kwa sauti, peke yangu chumbani. Ibara inasema ofisa wa polisi "anaweza kuandika saa ambayo mtuhumiwa aliwekwa chini ya ulinzi". Mtu mwenye haraka hataona tatizo. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mpelelezi muda wa msingi usiozidi saa 4 wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Akitaka zaidi, upo utaratibu wa kuuongeza. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi. Sasa, saa 4 zinahesabiwa kuanzia wapi kama hakuna aliyeandika zilipoanza?

Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inatenganisha neno linalompa mtu hiari na neno linalomfunga. Katika Kiswahili cha sheria, "anaweza" ni hiari, na "atatakiwa" ni wajibu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, tofauti hiyo haiko tena mikononi mwa mawakili pekee. Nilimsomea ibara hii kijana mmoja aliyewahi kukaa mahabusu. Akaniambia, "Kuweza wanaweza, kalamu wanazo. Swali ni kama wataandika." Amesoma sheria vizuri kuliko wengi wetu tuliokaa darasani.

Kuna jambo jingine nimelitia alama pembeni. Mahali pengine muswada umeandika "ndani ya saa nne", kwa maneno. Kwetu saa nne ni muda, lakini pia ni saa nne ya asubuhi au ya usiku. Napendekeza isomeke "muda usiozidi saa 4". Si ubishi wa sarufi. Hakimu na askari wanatakiwa kuielewa sentensi hiyo kwa namna moja tu.

Saa tatu

Ukaguzi getini, jina kwenye orodha, kitambulisho shingoni. Ndani ya Ukumbi wa Msekwa, hapa bungeni, wadau wameshaanza kukaa: mawakili, watu wa mashirika ya haki za binadamu, walimu wa vyuo, na maofisa wa Serikali upande wa pili na mafaili yao. Makatibu wa Kamati wanapita wakikusanya maoni ya maandishi. Nimeleta nakala za kutosha. Sauti ukumbini hupita, lakini karatasi yenye neno mbadala lililokwisha kuandikwa mbunge anaondoka nayo.

Saa nne na nusu

Mwenyekiti amefungua kikao na kuwakumbusha wajumbe kwamba Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali.

Msemaji wa pili ni mzee aliyestaafu zimamoto. Anazungumza taratibu, bila karatasi. Anasema ibara za Jeshi la Zimamoto na Uokoaji zimewekwa mwisho wa muswada, nyuma ya polisi na mahakama, na anahofia hakuna atakayefika huko akiwa bado na nguvu. Anaeleza namna gari la maji linavyokwama mita chache kutoka kwenye moto kwa sababu ukuta umejengwa barabarani. Anaeleza pia kwamba mtu anaweza kupiga 114 kwa wakati na bado nyumba ikaungua. Anataka mamlaka ya kukagua majengo yaende pamoja na wajibu wa kukagua, na taarifa za ukaguzi zifikishwe bungeni.

Nakubaliana naye kabisa. Kuziweka sheria nyingi katika muswada mmoja kunarahisisha kazi ya Serikali, lakini Kamati inabaki na siku zilezile chache kwa mambo matatu mazito. Zimamoto wanastahili muswada wao wenyewe.

Saa sita kasoro robo

"Mdau, karibu. Dakika tano."

Nimeanza na kijana yule, bila jina na bila kutaja kituo. Rejista iliandika tarehe tu. Mahakamani zikatajwa nyakati tatu tofauti za kukamatwa kwake, na hapakuwa na maandishi ya kuzipima. Maelezo aliyoyatoa akiwa mahabusu yakawa mzozo wa siku nyingi. Ibara ya 15 ya Katiba inasema mtu hawezi kukamatwa wala kunyimwa uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Nikawauliza wajumbe: utaratibu huo utakaguliwaje baadaye kama saa ya kuanza imeachwa kwenye hiari?

Mbunge mmoja akawasha kipaza sauti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, namuuliza mdau. Askari yuko porini usiku, peke yake, amemkamata mtuhumiwa wa mauaji. Asipoandika saa, mtuhumiwa aachiwe?"

Swali hilo ni gumu na ni la haki, na sikuwa nimelijibu katika karatasi yangu. Nilisema hapana: wajibu wa kuandika ni jambo moja, na matokeo ya kutoandika ni jambo jingine, ambalo mahakama italipima kwa ushahidi uliopo. Akanibana, "Basi tupe maneno." Nikayatunga pale pale nimesimama: ofisa atatakiwa kuandika saa ya kukamata mara tu atakapomfikisha mtuhumiwa kituoni, na akichelewa ataandika sababu. Mbunge akainama kuandika. Maneno hayo ni bora kuliko niliyokuja nayo.

Saa nane mchana

Wadau tumemaliza. Sasa Kamati inabaki na Serikali kupitia hoja moja moja, na sisi hatumo. Nimekaa nje kwenye kivuli na mzee wa zimamoto, tukilinganisha karatasi zetu. Ameniuliza kama kuna ripoti iliyowahi kuutazama mfumo huu wote kwa pamoja. Nimemkumbusha Tume ya Haki Jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na taarifa yake iliyowasilishwa Julai mwaka huohuo. Amesema ataitafuta.

Saa kumi jioni

Natuma muhtasari kwa wenzangu. Wengi wanadhani shughuli imekwisha, kumbe ndipo inapoanza. Serikali ikikubali hoja italeta Jedwali la Marekebisho, yaani orodha ya maneno inayotaka yabadilishwe. Ikikataa, mbunge anaweza kuleta la kwake. Kisha Bunge litakaa kama Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote pamoja, na kupitia ibara kwa ibara. Nimewaomba waisubiri Taarifa Rasmi, kumbukumbu ya yanayosemwa bungeni, na kuitafuta ibara yetu humo, waone imepita "bila mabadiliko yoyote" au "pamoja na marekebisho yake".

Nashukuru kwamba muswada huu haukuja kwa hati ya dharura. Ungekuja hivyo, usomaji wote ungeweza kumalizika katika mkutano mmoja, na swali la yule mbunge huenda lisingepata nafasi ya kuulizwa. Muswada unaogusa mamlaka ya kumfungia mtu usipelekwe mbio ila kwa sababu nzito sana.

Saa tatu usiku

Simu inaita, namba siijui. Ni mama, anahema. Mwanawe amechukuliwa na askari; yeye mama amefika kituoni, ameambiwa asubiri nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nifanye nini?"

"Una kalamu?"

Hana. Nasikia akimwomba mtu aliye karibu, kisha kimya kirefu, kisha anarudi kwenye simu. Namwambia aandike saa aliyochukuliwa kijana, mahali alipochukuliwa, na saa aliyomwona anaingizwa ndani. Anaandika polepole, huku akitamka kila neno.