Kupaka nikeli mpaka ndani ya tundu

Hapa Mombasa chumvi ya bahari haina huruma na chuma, kwa hivyo vali ya pampu ya boti ukiipaka nikeli nje tu, kutu itaanzia ndani ya tundu. Shida ni kwamba nikeli inapakwa kwa umeme ndani ya tangi la dawa ya nikeli, na huo umeme unajazana kwenye kona na mdomo wa tundu, ndani haufiki vizuri, yaani mdomoni nikeli imevimba na ukimulika tochi katikati unaona chuma kitupu.

Tundu pana lililonyooka, weka anodi ya ndani, yaani ncha chanya ya umeme. Pitisha waya wa titani uliopakwa platinamu katikati, ushikilie na vipande vya plastiki manake ukigusa ukuta tu ni shoti, halafu dawa isukumwe na pampu ipite humo humo muda wote, ikituama madini yanapungua na viputo vya haidrojeni vinang'ang'ania ukutani vinaacha vidoa.

Likiwa jembamba au limepinda mi sihangaiki na umeme kabisa. Natumia nikeli ya kemikali, ile watafiti Brenner na Riddell waliileta Marekani mwaka 1946, hapo hipofosfaiti, kemikali iliyomo kwenye dawa, ndo inafanya kazi ya umeme, tangi liwe nyuzi joto 85 hadi 95 hivi za Selsiasi, na inashika unene sawa popote dawa inapofika. Ni ghali na ni polepole, mikroni 10 hadi 20 kwa saa (mikroni elfu ndo milimita moja), lakini kwa vali inalipa wallahi.

Tundu lisilotokea upande wa pili liinamishe hewa itoke, uwe unaligeuza geuza, na kabla ya hapo lisuuze sana, asidi ya kusafishia chuma ikibaki kule chini nikeli itabanduka.