Nilivyoiona Himalaya kutoka Binsar

Nikisoma Delhi, kila mtu aliniambia nikitaka kuona milima niende Shimla au Manali. Mimi nilitaka mahali penye msitu, nisisikie honi. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Almora akanitajia Binsar, hifadhi ya wanyamapori iliyoko eneo la milima liitwalo Kumaon, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Ina kilomita za mraba zipatazo 47 tu na imekuwa hifadhi tangu 1988. Ndani yake kuna kilele kinachoitwa Zero Point, mita 2,400 na kidogo juu ya usawa wa bahari.

Nilikwenda Novemba, na hapo ndipo penye siri ya safari nzima. Masika yao huisha Septemba, na mvua ikishaosha anga, Oktoba na Novemba milima hujitokeza wazi. Ukienda Mei au Juni unaweza kukaa juu pale siku nzima ukitazama ukungu wa vumbi na moshi.

Treni ya usiku kutoka Delhi ilinifikisha Kathgodam asubuhi. Reli inaishia hapo, na milima inaanzia hapo hapo. Nikapanda teksi ya kuchangia hadi Almora, kona juu ya kona, kisha nikakodi gari hadi lango la Ayarpani. Langoni unalipa kiingilio, na mgeni wa nje ya India analipa zaidi ya mwenyeji. Pasipoti iwe karibu, kwa sababu hata nyumba ya wageni huandikisha kila mgeni kutoka nje.

Watu wengi huja Binsar kwa siku moja: wanapanda mchana, wanapiga picha, wanashuka. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara kubwa. Mchana mawingu huwa yameshapanda kutoka mabondeni na kuifunika theluji. Mwenye nia ya kuiona Himalaya na alale ndani ya hifadhi. Mimi nililala nyumba ya wageni ya serikali, yenye umeme wa saa chache tu jioni na baridi ya kuuma vidole. Kabla hujafika, chaji simu, beba tochi na sweta nzito.

Kulipoanza kupambazuka tulitoka na mwongozaji, kijana wa kijiji cha jirani. Kutoka nyumba ya wageni hadi Zero Point ni kama kilomita mbili, njia ya miguu isiyo na mwinuko mkali. Usiende peke yako. Humo mna chui na dubu weusi, na alfajiri ni saa yao pia. Msitu ni wa mialoni na miti ya burans, ile inayochanua maua mekundu kuanzia mwishoni mwa baridi. Matawi yamevaa kuvu na ndevu za kijani, na ardhi ni laini kwa majani yaliyooza. Mialoni hii ndiyo inayoshika maji ya chemchemi za vijiji vya chini. Tulisimama mara nyingi kusikiliza ndege, na sikuona haraka ya kufika.

Kileleni kuna mnara wa kutazamia. Nilipanda ngazi, nikageukia kaskazini, nikashindwa kusema neno. Ukuta wa theluji umetanda kutoka upande mmoja wa macho hadi mwingine, zaidi ya kilomita 300: Kedarnath na Chaukhamba kushoto, Trishul na vichwa vyake vitatu katikati, kisha Nanda Devi, Nanda Kot, na Panchachuli kulia kabisa. Mimi nimekulia Moshi, Kilimanjaro naijua tangu utoto, mlima mmoja uliosimama peke yake wenye mita 5,895. Hapa Nanda Devi ina mita 7,816, nayo imezungukwa na ndugu zake! Jua liligusa kwanza ncha yake, ikawa ya waridi, kisha rangi ikateremka taratibu hadi ikawa nyeupe. Mwongozaji aliiinamia kidogo, kwa kuwa kwao huo si mlima tu bali ni mungu wa kike anayewalinda Wakumaoni. Ndani ya saa mbili mawingu ya kwanza yalianza kupanda.

Tuliporudi tulikula chapati za ulezi, ambazo huko huziita mandua, pamoja na mchuzi wa soya nyeusi. Ulezi asili yake ni Afrika Mashariki, nami niliula kwa furaha ya pekee.

Jambo moja nawasihi wenzangu mtakaokwenda: msiwashe moto popote, wala msitupe kichungi cha sigara. Miteremko ya chini ina misonobari, na majani yake makavu hushika moto kama yamemwagiwa mafuta. Juni 2024 moto uliwaua wafanyakazi wa misitu humo humo Binsar, wakiwa wametumwa kwenda kuuzima.