Nilivyotafsiri "Bila Jina" mbele ya wazee wa Katanga

Ukalimani wangu hapa Brussels ni wa hospitali na ofisi za wahamiaji. Sanaa sikuwahi kuigusa, mpaka nilipoombwa kuwa mkalimani wa waandaaji wawili wa maonyesho waliokuja kujadili namna ya kuonyesha picha za Sammy Baloji, mpiga picha wa Kongo. Mmoja alikuwa mama wa Kibelgiji anayesema Kifaransa tu. Mwenzake ni mzaliwa wa Lubumbashi. Ukumbi ulikuwa mdogo, mtaa wa Matonge, na wasikilizaji wengi walikuwa wazee wa Katanga, eneo la kusini mwa Kongo, ambao baba zao walifanya kazi katika migodi ya shaba. Mimi ni wa Kigoma. Nilijua Kiswahili changu na chao hakifanani, na hilo lilinikosesha usingizi kuliko Kifaransa.

Nilijiandaa wiki mbili. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo unaoitwa "Mémoire": alipiga picha za rangi za viwanda vilivyochakaa vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, kisha akachukua watu kutoka picha za zamani za wakoloni, za rangi nyeusi na nyeupe, akawakata na kuwasimamisha humo. Wafanyakazi. Wazungu wenye kofia. Wafungwa waliofungwa minyororo shingoni. Wanasimama mbele ya mabati yaliyooza kana kwamba zamu yao haijaisha. Nilizitazama kwenye simu usiku, nikazima, nikawasha tena.

Jina la mfululizo halikunisumbua. "Kumbukumbu" inatosha, na inatosha kwa namna ambayo Kifaransa hakiwezi, kwa sababu kwetu neno hilohilo ni la kilichomo kichwani mwa mzee na ni la mafaili ya serikali. Tanzania tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Yule mama wa Kibelgiji alizungumzia "archives" na "mémoire" kama vitu viwili vinavyovutana, nami kila mara nikajikuta narudi kwenye neno moja. Ikabidi niseme "kumbukumbu za makabati" na "kumbukumbu za watu". Wazee wakatikisa vichwa kukubali, nikapumua.

Nilipokwama ni kwenye majina ya picha zenyewe. Kila moja inaitwa "Sans titre", ikifuatiwa na namba. Picha ya wafungwa ilipopanda ukutani, nilitamka bila kufikiri: "Hii inaitwa Bila Jina."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Balikuwaka na majina," alisema, yaani walikuwa na majina. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi.

Ukumbi ukawa kimya. Waandaaji wakanitazama wakisubiri tafsiri. Katika hospitali nimejifunza kwamba mkalimani akificha kosa lake, mgonjwa ndiye anayelipa. Kwa hiyo niliomba ruhusa, nikageuka kwa wazee nikasema: "Papa, neno ni langu. Msanii amesema picha haina kichwa cha habari, mimi nimesema watu hawana majina. Nisamehe." Kisha nikawaeleza wale wawili kwa Kifaransa yote yaliyotokea, pamoja na alichosema mzee, neno kwa neno.

Hapo ndipo mazungumzo yao yalipoanza hasa. Kabla ya hapo walikuwa wakibishana kuhusu maandishi ya ukutani. Mama alitaka machache sana. Picha ikizungukwa na maelezo, alisema, mtu husoma ukuta na kuisahau picha. Yule wa Lubumbashi alikataa. Mtazamaji wa Ulaya akiona magofu bila kuambiwa habari za shaba, za Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni iliyoanzishwa mwaka 1906, ataona Afrika iliyojiharibia yenyewe. Mimi nilikuwa upande wa huyu wa pili, ingawa mkalimani hana upande, na nilijilazimisha kumtafsiri mama yule kwa nguvu ileile aliyotumia.

Jumamosi iliyotangulia nilipanda tramu namba 44 hadi Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Kando ya kanisa la mji ule kuna makaburi saba ya Wakongo walioletwa kwa maonyesho ya mwaka 1897, wakaonyeshwa kama wanyama, wakafa. Makaburi yana majina. Ekia. Kitukwa. Mibange. Sikupanga kuyataja, lakini mama yule aliponiuliza kwa nini neno moja limeumiza hivyo, niliyataja.

Akanyamaza kidogo. Halafu akamwomba mzee aseme anachokiona pichani. Mzee hakuanza na minyororo. Alionyesha bomba refu la kiwanda nyuma, akasema baba yake alikuwa akitoka huko jioni, na posho ilitolewa upande ule wa kambi. Bibi mmoja akamsahihisha upande. Wakabishana kwa furaha karibu dakika kumi, na nilitafsiri nilichoweza. Baba yake, mzee alisema, kazini aliitwa kwa namba, na namba hiyo yeye anaikumbuka mpaka leo. Akaitaja. Kisha akataja jina la baba yake, taratibu, na bibi yule akaliitikia.

Mwandaaji wa Lubumbashi alieleza kwamba jina la kazi ni la msanii, hakuna mwenye haki ya kulibadilisha, lakini kadi ya chini yake huandikwa na waandaaji. Akauliza iandikwe nini. Mzee akajibu: "Majina yao hayakuandikwa." Mama wa Kibelgiji akatoa kalamu, akanigeukia na kuniuliza hiyo inasemwaje kwa Kifaransa.