Ile 391

Wiki ile nzima mie nalala na namba moja kichwani, 391. Ilianza na ami yangu wa Chake kule Pemba, kavuka na boti kuja Unguja na chupa ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ana mnunuzi wa nje anayetaka kutoa eujenoli ndani yake, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake, sasa yule mtu karudisha sampuli ya mwanzo kasema ina uchafu. Uchafu gani hakusema. "Mwanangu we, nimeyapika mwenyewe, sikutia kitu, wallahi."

Basi nikayapitisha kwenye LC-MS pale kazini, mashine ya kutenganisha kemikali na kuzipima uzito. Kwa asiyeijua, kuna kolamu, kijibomba chembamba kilichoshindiliwa unga wa silika uliovishwa minyororo ya kaboni 18, unasukuma maji yenye fomiki asidi 0.1% halafu unaongeza asetonitraili kidogo kidogo, vinavyopenda maji vinatangulia kutoka, vyenye asili ya mafuta vinang'ang'ania humo mpaka mwisho. Kinachotoka kinapita kwenye kisindano chenye umeme mkali, kinarushwa kama marashi, kikishapata chaji mashine inakipima uzito. Huo mpulizo ndo uliompa John Fenn sehemu ya Nobel ya kemia 2002.

Eujenoli ilikuja vizuri tu, uzito wake 164, ukiipima upande wa chaji hasi unaiona 163 kwa vile imepoteza protoni moja. Halafu dakika za mwisho kabisa, pale ambapo mie nishaanza kufikiria urojo, ikapanda upande wa chaji chanya piki moja nene, yaani kilele kwenye grafu: 391, na ubavuni mwake 413. Tofauti 22, yaani ni kitu kimoja hichohicho, huku kimebeba protoni kule kimebeba sodiamu, kwa hiyo chenyewe ni 390. Nikakivunja kikatoa 149 na 167. Ukiiona 149 fikiria thaleti, ile dawa ya kulainisha plastiki za PVC, na ya 390 mshukiwa wa kwanza ni DEHP ingawa ana pacha wake wa uzito uleule, DNOP, ikabidi nipitishe standadi zote mbili, yaani zile safi za kulinganishia, na dakika za kutoka zikaangukia kwa DEHP.

Nishashika simu nimpigie ami, mwenzangu akaniuliza, "Blanki umepitisha?" Yaani viyeyusho vitupu, bila mafuta ndani yake.

Sikupitisha. Nikapitisha, na mle ndani ya blanki, yakhe, 391 imekaa kwa adabu zake! Aibu niliyoipata we acha tu. Hiki kidudu kimo kila pahala, kwenye mipira ya mashine, glavu, mpaka kwenye viyeyusho vyenyewe, ukiwa na haraka utamsingizia mtu uchafu wa maabara yako. Nikaosha kila kitu nikarudia mara tatu, ya blanki ikabaki kijitone na ya ami bado mlima. Hapo sasa nikapiga.

"Shikamoo ami, mafuta uliyahamisha kwa kitu gani?"

"Marahaba. Kwa mpira, ule laini wa kumwagilia bustani."

Tena yalilala ndani ya mpira usiku kucha kwa sababu madumu hayajafika! Na eujenoli hailali na plastiki laini ikaiacha salama, inainyonya hiyo dawa yake ya kulainisha.

Sampuli ya pili kaileta kwenye chupa ya kioo, imehamishwa kwa bomba la chuma, 391 yake haipiti ya blanki. Yale ya mwanzo hakuyamwaga, shangazi anajichulia mgongo, nishamkataza mara mbili hasikii.