Siku moja maishani mwangu: mimi na stima ya kiwanda cha majani chai

Saa 10:45 alfajiri. Kericho bado ni giza na baridi inauma. Kabla sijavaa buti nimeshatazama simu. Kuna mstari mmoja unaopanda na kushuka, stima inayoliwa na kiwanda kizima, dakika kwa dakika. Kwenye barua ya ajira mimi ni fundi wa nishati. Kazini wananiita Bwana Mita.

Saa 11:10. Ukumbi wa kunyaushia. Majani yaliyochumwa jana yamelala usiku kucha juu ya vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa chini yake. Zamani feni hizi zilijua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika. Siku hizi kila moja ina kidhibiti mwendo, na vihisi vya joto na unyevu hukiarifu hewa ikoje. Usiku ukiwa mkavu, mwendo hupunguzwa. Wageni hushangaa nikiwaambia kwamba feni ikizunguka kwa asilimia 80 ya kasi yake hula takriban nusu tu ya umeme, maana nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Ukungu ukishuka hakuna ujanja: tunavuta hewa moto kutoka kwa boila na feni zinarudi mbio. Jani lisiponyauka sawasawa, uniti ulizookoa hazitakutetea kwenye mnada wa chai Mombasa.

Saa 11:40. Hapa ndipo penye pesa. Siku za kazi, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kiwanda kinachovuka kiwango chake cha matumizi hulipia uniti za ziada nusu bei hivi. Mpango huo ulianza Desemba 2017. Kwa hiyo zamu ya usiku husaga mapema, na mimi nasimama mlangoni kama kondakta anayehesabu abiria. Lakini uniti ni sehemu tu ya bili. Mteja mkubwa hulipia pia kilele, yaani ile nusu saa moja ya mwezi mzima ambayo mahitaji yake yalikuwa juu kuliko zote. Watu wengi hudhani kilele huletwa na mota zinapowashwa kwa pamoja. Ule mshtuko ni wa sekunde chache, hauwezi kubeba wastani wa dakika 30. Kinachotuumiza ni mashine zinazoendelea kuzunguka bila kazi.

Mita za kila sehemu ndizo zilizotuonyesha hilo. Vitanda vilikuwa vimeshamwagwa majani, mashine za kusaga na vikaushio vimeshika kasi, na feni za vile vitanda vitupu bado zinapuliza paa. Hakuna aliyeziona kwa sababu ukumbi wote unanguruma. Sasa mfanyakazi anayemaliza kumwaga kitanda hubonyeza kitufe, na asiyebonyeza, skrini inageuka nyekundu. Leo ni kitanda kimoja tu.

"Kijana wangu, hiyo rangi yako inanisumbua macho," msimamizi wa zamu ananiambia.

"Pole, mzee. Izime feni, nayo itapoa."

Saa 2:00. Chai ya maziwa na mandazi. Naam, kwenye kiwanda cha chai tunakunywa chai.

Saa 3:00. Brashi mkononi. Hili halimo kwenye vipeperushi vya wauzaji wa mitambo: manyoya ya chai, yaani nyuzi laini za majani makavu, huruka na kutua kila mahali, hata kwenye vihisi. Kihisi kilichovaa vumbi kinadanganya, na programu hukiamini kabisa. Nusu ya teknolojia yangu ni kupangusa.

Saa 5:30. Kwa mzee wa boila. Kihisi cha joto kwenye bomba la moshi kinasema moto mwingi unatoroka nje. Mzee hakitazami. Anachukua vipande viwili vya mkaratusi, anavigonga pamoja, anasikiliza. "Hizi zimekatwa juzi," anasema. Kuni mbichi huchoma joto lake zikichemsha maji yaliyo ndani yake zenyewe, hivyo tunakubaliana, yeye kwa sikio na mimi kwa simu, kwamba rundo la karibu na mlango lingoje. Ningepewa hela leo ningejenga banda la kukaushia kuni kabla ya kununua skrini nyingine.

Saa 7:00. Stima inapotea, jenereta inaitika. Chakula cha mchana kinapoa.

Saa 8:30. Karatasi. Kanuni za nishati za mwaka 2012 zinataka mtumiaji wa uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu. Wetu unakaribia, nami napanga rekodi. Nakagua pia paua fakta, yaani kipimo cha sehemu ya umeme tunaovuta inayofanya kazi kweli, kwani ikishuka chini ya 0.9 kuna faini. Kapasita, vifaa vinavyoiinua, ziko salama.

Saa 10:15. Malori ya majani yanaanza kufika, feni za usiku zinawashwa kitanda baada ya kitanda. Meneja ananiuliza kama tununue runinga kubwa ya kuonyesha ule mstari kwa wageni. Namjibu kwamba ninachotaka ni bure: msimamizi wa zamu ya usiku apewe nywila ya vidhibiti, apunguze feni mwenyewe bila kunipigia simu saa 7 usiku. Amesema atanijibu Ijumaa.