Patasi ya kukerezea kutoka springi ya gari

Patasi yangu mpya ya kukerezea (ya kuchongea mbao inayozungushwa na mashine) imetokana na springi chakavu ya gari, na leo imemaliza miguu ya stuli ya mninga bila kunisumbua hata kidogo. Wengi hutumia tupa kuukuu. Mimi hapana: tupa ni ngumu mno, mbao ikiikamata inaweza kukatika na kipande kikakurukia usoni. Springi inavumilia zaidi.

Nilikata kwa grainda, nikachoma ncha kwenye mkaa hadi sumaku ikaacha kushika (hapo ni kama nyuzi 770 za Selsiasi), nikaitumbukiza kwenye mafuta yaliyopashwa moto kidogo. Ikitoka hapo usiipeleke kwenye mashine, ni ngumu lakini inavunjika kirahisi. Isugue ing'ae, kisha iweke kwenye oveni kwa nyuzi 200 hadi igeuke manjano hafifu. Mpini ni wa mvule, na shingoni nimeuvisha kipande cha bomba la shaba usipasuke.

Jamani, kuona maranda laini yakitoka badala ya vumbi, kwa chombo ulichotengeneza mwenyewe, raha yake acheni tu! Kesho naanza kutengeneza egemeo la patasi.