Matendo ya Kwanza

Goma, Jumamosi jioni

Alhamisi iliyopita kundi letu la vijana lilifika Waebrania sura ya tano, pale ambapo mwandishi anakatiza ghafla maelezo yake juu ya Melkizedeki na kuwageukia wasomaji wake kwa karipio: kwa muda wote uliopita walipaswa kuwa walimu, lakini bado wanahitaji maziwa. Nilikuwa sijamaliza kuisoma aya ya mwisho, inayosema kwamba chakula kigumu ni cha watu wazima ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, kijana mmoja anayeishi kwa kuendesha pikipiki aliponyoosha mkono. "Mama," aliniambia, "nilipookoka nilikuwa ninaamka saa tisa usiku kuomba, bila mtu kuniamsha. Sasa ninatega simu iniamshe, na hata nikiamka ninaomba huku nikisinzia. Je, huko ndiko kukomaa, au nimerudi nyuma?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, lakini swali lake nimeshinda nalo tangu siku hiyo, na jioni hii nataka kuliandika kwa urefu linaostahili.

Katika mji wetu jibu la haraka liko tayari wakati wote. Mtu akilalamika kwamba amepoa, anaelekezwa kwenye chumba cha sala, anapewa siku za kufunga, anawekewa mikono, na spika zinafunguliwa mpaka majirani wa mtaa wa pili washiriki ibada wapende wasipende. Sisemi hayo kwa dharau, maana mimi mwenyewe niliokoka katika kesha la namna hiyo, na ninawajua watu ambao pombe iliwaachia palepale, hawakuigusa tena. Ninachokataa ni kuipima bidii ya mtu kwa sauti yake. Lakini ninawakataa vilevile ndugu zetu wasomi wanaodhani kwamba kunyamaza ndiko kukomaa, kwa kuwa ukimya wa mtu aliyekua na ukimya wa mtu aliyeacha kujali huonekana sawa kabisa kwa anayetazama kutoka benchi la nyuma.

Maandiko yenyewe hayaturuhusu kuchagua upande mmoja. Wakorintho walikuwa na karama tele, na bado Paulo aliwaandikia kwamba hakuweza kusema nao kama watu wa rohoni bali kama watoto wachanga katika Kristo, kwa kuwa kati yao mlikuwa na husuda na fitina. Hao walikuwa na joto bila ukomavu. Waefeso ni kinyume chao, na mimi hao ndio wanaonitia hofu zaidi. Paulo alikaa kwao takribani miaka 3. Alifundisha kila siku katika darasa la Tirano. Watu waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao na kuvichoma hadharani, na thamani yake ilipohesabiwa ikaonekana ni vipande 50,000 vya fedha. Lakini katika Ufunuo, Bwana anapolizungumzia kanisa hilohilo, anasifu taabu yake, subira yake, na jinsi lilivyowajaribu waliojiita mitume likawaona kuwa waongo. Yaani lilikuwa na jambo lilelile ambalo Waebrania walikosa: akili zilizozoezwa kupambanua. Baada ya sifa zote hizo ndipo linakuja neno moja zito, kwamba umeuacha upendo wako wa kwanza. Inawezekana, basi, mtu akomae katika kupambanua, amtambue nabii wa uongo kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza, na ndani yake pawe baridi.

Ninapowasoma Waebrania pamoja na Waefeso naona jambo ambalo sikulisikia likihubiriwa nilipokuwa msichana. Sura ya kumi inatufahamisha kwamba hao waliokaripiwa kwa sababu ya maziwa hawakuwa watu waliozaliwa wavivu. Siku za mwanzo walivumilia mashindano makubwa ya maumivu, wakawaonea huruma waliofungwa, na walipokea kwa furaha kunyang'anywa mali zao. Msomaji wa Goma hawezi kuipita aya hiyo upesi. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na benki zikafungwa, wengi wetu tunajua maana ya kunyang'anywa. Ile furaha ndiyo inayotushangaza. Watu waliofika kimo hicho ndio baadaye walioitwa wavivu wa kusikia. Basi moto wa mwanzo, hata uwe mkubwa namna gani, haujiwekei akiba ya miaka inayofuata.

Hapa tumelishuhudia hilo kwa macho. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, na wahubiri wetu hawakuhitaji kutafuta mfano wa moto mahali pengine. Usiku ule watu walisali barabarani wakielekea Gisenyi na Sake. Siku tano baadaye, mitaa kumi ilipoamriwa kuhama, tuliomba tukiwa juu ya magari, tuliomba madarasani tulikolala, na watu ambao hawakuwa wamekanyaga kanisani tangu ubatizo wao waliongoza nyimbo. Mwezi Juni tulirudi nyumbani, na kabla mwaka haujaisha maombi ya alfajiri yalikuwa yamebaki na akina mama walewale waliokuwepo kabla ya volkano. Wachungaji wengine waliwaita wale walioondoka wanafiki. Mimi siafiki. Mtu anayemlilia Mungu akiona anga limegeuka jekundu halilii jambo la uongo; ila hofu hukuleta mlangoni tu, na mlangoni hakuna anayekua. Tofauti ya wale akina mama haikuwa kwamba walisikia zaidi usiku ule, bali kwamba kabla ya usiku ule walikuwa na mazoea ya kurudia.

Kabla sijaendelea, niseme jambo linalonikera katika ushauri wetu wa kiroho. Si kila uchovu ni kupoa. Eliya alishusha moto juu ya Karmeli, na muda mfupi baadaye alikuwa amelala chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumuuliza ameuacha wapi upendo wake wa kwanza. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Katika mji ambao watu wamelala miezi mingi wakisikiliza milio ya bunduki, wamezika jamaa zao, wamewapokea wageni waliokimbia kambi na kugawana nao chungu kimoja cha maharage, kumwambia mama aliyechoka kwamba amerudi nyuma kwa sababu hashangilii kama zamani ni ukatili uliovaa joho la kiroho. Kijana wangu wa pikipiki anafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Huenda anachohitaji kwanza ni usingizi, na nilimwambia hivyo, ingawa wenzake walicheka.

Lakini jibu haliwezi kuishia hapo, kwa sababu yupo pia mtu anayelala vizuri, anayekula vizuri, na moyo wake umefunga duka. Huyo ndiye anayeambiwa maneno ya Ufunuo: kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi bila kuzingatia kwamba Bwana anapodai upendo, anaagiza matendo. Hawaambii Waefeso wazitafute tena hisia za siku ile vitabu vilipochomwa. Hisia haiamrishiki, na anayeikimbiza huishia kuhama kanisa hadi kanisa, kila mara akitafuta mhubiri mwenye sauti kubwa kuliko wa jana. Matendo yanaamrishika. Mtu anaweza kuamka kesho na kuyafanya hata kama moyo wake bado umelala.

Sheria ya Walawi inaeleza jinsi moto wa madhabahu ulivyotunzwa usizimike, na kinachonivutia ni mpangilio wake. Asubuhi kuhani alivaa nguo yake ya kitani, akayaondoa majivu, akayaweka kando ya madhabahu. Kisha akabadili mavazi na kuyachukua nje ya kambi, mahali safi. Kuni zilitiwa kila asubuhi. Kila mama wa Goma anayepikia mbabula, jiko la makala, yaani makaa, anaijua kazi hiyo: makala mapya juu ya majivu ya jana hayawaki, yanatoa moshi tu. Watu wengi wanaolalamika kwamba maombi yao hayawaki wanaongeza makala, siku nyingine ya kufunga, semina nyingine, na chini kuna kinyongo cha miaka dhidi ya shemeji, au deni ambalo hawataki kulizungumzia. Kuondoa majivu si kazi ya kushangiliwa, wala sijawahi kusikia ushuhuda wake Jumapili.

Matendo ya kwanza ya kila mtu ni yake, na sipendi kuwaandikia wengine orodha. Kwangu mimi yalikuwa kusoma Injili kwa sauti nyumbani jioni, kwa sababu bibi yangu hakujua kusoma. Kwenda hospitalini na uji kwa wagonjwa wasio na jamaa. Na kutoa sehemu ya kila kilichonifikia, hata kilipokuwa unga. Bibi alikwisha kufariki, lakini nimeanza tena kusoma kwa sauti, na wanangu wanasikiliza nusu, wanagombana nusu. Sitasema kwamba moyo wangu umewaka palepale. Nitasema kwamba Injili ya Marko ikisomwa kwa sauti inamkimbiza msomaji, na kwamba juzi mwanangu mdogo aliuliza kwa nini Yesu aliukasirikia mtini, swali ambalo sikuwa nimejiuliza kwa muda mrefu.

Ili vijana wasidhani kwamba nazungumzia mambo ya akina mama tu, niliwatajia mtu wa mji wetu. Mimi ni Mprotestanti na kwetu hatuna desturi ya kuwatangaza wenye heri, lakini Floribert Bwana Chui ni wetu sote. Alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki ya waumini wa kawaida, na muda wake aliwapa maibobo, watoto wa mitaani, ili wapate shule. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani, na hapo alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru watu. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akishinikizwa alijiuliza kama anaishi ndani ya Kristo au la. Sidhani uamuzi ule ulizaliwa siku ile rushwa ilipowekwa mezani. Mtu aliyekwisha kuwajua watoto wa mitaani kwa majina yao anapoletewa karatasi ya kutia sahihi juu ya chakula kibovu, tayari anajua ni matumbo ya nani yatakayokipokea. Akili yake ilikuwa imezoezwa kupambanua, na iliyoizoeza ilikuwa miaka ya kupenda. Kwake huyo sioni mahali ambapo ukomavu unaishia na shauku inaanza.

Msichana mmoja wa kwaya, ambaye huwa haniachi nipumue, alikuwa na pingamizi. "Mama, ukisema matendo, matendo, tutafanana na wale Waefeso. Wao pia walikuwa na matendo, na Bwana mwenyewe alisema anayajua. Na Roho Mtakatifu je? Naye ni kazi ya nyumbani?" Pingamizi lake ni zuri, na silimalizi lote. Ninachoweza kusema ni kwamba matendo yaliyosifiwa Efeso yalikuwa ya kulinda, kuvumilia na kuchunguza, na yote yanaweza kufanywa na mtu aliyefunga mlango wake. Ya kwanza yalikuwa ya watu waliotoka hadharani, wakaungama na kupata hasara. Na kuhusu Roho, wale waliokuwa Yerusalemu baada ya Bwana kupaa hawakuutengeneza upepo wa Pentekoste. Walikuwa wakidumu kwa moyo mmoja katika kusali, na siku ilipotimia iliwakuta mahali pamoja. Luka anasema walirudi Yerusalemu wenye furaha kuu, lakini hatuambiwi kwamba furaha hiyo ndiyo iliyouleta upepo. Petro alitumia sehemu ya muda huo kusimamia uchaguzi wa mtu wa kuijaza nafasi ya Yuda, jambo ambalo kwa mtu yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya kanisa halina ladha ya uamsho.

Msichana alisema atalifikiria. Kijana wa pikipiki alikuwa kimya, akifungua kurasa za mbele. Alhamisi ijayo tunaingia sura ya sita, na aya ya nne hadi ya sita, juu ya wale waliokwisha kupewa nuru kisha wakaanguka, nimeziogopa tangu ujana wangu. Amesema anataka kuzifundisha yeye. Nimemwachia, na nimemwazima kitabu changu cha maelezo, kwa sharti kwamba usiku wa Jumatano alale.